Muvi gani ya Krismasi huwa unarudia kila mwaka? Mimi nina kipimo changu, njooni mkipinge

Rimoti_Kwangu (mleta uzi):

Wakuu habari za muda, likizo ndio hiyo imeshaingia na mimi kama kawaida yangu nimeanza kupanga muvi za Krismasi za kuangalia mpaka mwaka mpya. Kila mwaka najiambia safari hii naweka mpya tu, halafu nikishika rimoti mkono unaenda wenyewe kule kule kwa Home Alone ya 1990. Mwaka jana nikiwa naiangalia sijui kwa mara ya ishirini nikajiuliza hivi hii kwa nini haichoshi, wakati kuna muvi kibao zina theluji, zina kengele, zina Santa mzima mzima na ukimaliza hata jina hulikumbuki?

Jibu nililopata ndio nimelileta hapa. Kwangu mimi muvi ya Krismasi sio theluji wala mti. Muvi ya Krismasi iliyoiva lazima iwe na mtu mmoja aliyeachwa nje wakati wenzake wote wako ndani. Hiyo theluji ni poda tu wanapaka juu.

Tukiitaja Home Alone watu wote wanakumbuka yule jambazi aliyeangukiwa na pasi usoni na yale makopo ya rangi ya ngazini, lakini hebu rudini muangalie inavyoanza. Usiku upepo unakata umeme, saa za mezani zinazima, asubuhi nyumba nzima imechelewa watu wanakimbizana na mabegi. Kuhesabu watoto, wanamhesabu na yule mtoto wa jirani aliyekuja kuchungulia mizigo, hesabu inatimia. Tiketi ya Kevin, yule mtoto anayesahaulika nyumbani, je? Usiku wake maziwa yalimwagika mezani, baba mtu akafutafuta akakusanya zile tishu zilizolowa akatupa zote kwenye pipa na tiketi ikiwa humo humo. Na kitandani hayupo maana kwa ugomvi wa usiku alipelekwa kulala juu kabisa darini. Mnaona hiyo? Hakuna aliyemkataa mtoto, ila kila kitu kimeungana kumfuta, tiketi imemfuta, hesabu imemfuta, kitanda kimemfuta. John Hughes aliyeiandika alikaa chini akawaza namna ya kumpoteza mtu ndani ya familia ya watu wengi bila mtu yeyote kuwa mbaya, na alipopata hiyo ndio akaleta vichekesho.

Halafu mama mtu. Utotoni nilikuwa nikifika vipande vya mama nasogeza mbele. Sasa hivi ndio navisubiri. Yule mama pale uwanja wa ndege wa Paris anawapa wazee wawili wasiomjua hela, saa, mpaka hereni masikioni, ili wamwachie siti moja tu. Anafika Marekani anakwama tena na anaishia kurudi nyumbani nyuma ya gari ya bendi ya polka. Na anapofika, dakika chache tu familia nyingine yote inaingia mlangoni, wao walisubiri ndege yao kwa amani zao. Yaani angekaa tu angefika muda ule ule. Mimi hapo ndio huwa nanyanyuka najifanya naenda kufunga dirisha.

Basi hicho ndio kipimo changu. Lete muvi yako na uniambie aliyeachwa nje ni nani.

Sikuelewi:

Die Hard. Nimemaliza, funga uzi.

Mama_Wawili:

Yule mama wa Kevin tusimseme jamani, mimi nina wawili tu na nilishawahi kutoka nikaacha mmoja chooni. Nikakumbuka tuko getini.

Kwangu mimi kila mwaka ni Elf ya 2003, Will Ferrell. Na inaingia kwenye kipimo chako bila kusukumwa, yule ni binadamu amelelewa na vibwengo wadogo wa Santa kule Ncha ya Kaskazini, kila kiti kidogo, kila kitanda kifupi, na yeye hajui kwa nini. Halafu anaenda New York kumtafuta baba yake, huko nako anaonekana chizi. Hana pa kutosha. Watoto wangu wanacheka mwanzo mwisho, mimi kwenye kile kipande cha kiti kidogo roho inaniuma.

Mpini:

Huu uzi umeanza na machozi, mimi nilikuja kutafuta muvi za kucheka.

Fundi_Kideo:

Mama Wawili, hivyo viti na vitanda vidogo unajua wamefanyaje? Sehemu kubwa sio kompyuta. Jon Favreau aliyeiongoza alitaka ifanane na zile za zamani, kwa hiyo wakajenga seti mbili kwa vipimo tofauti, Ferrell anakaa kwenye ile ndogo iliyo karibu na kamera na wale vibwengo wanakaa kwenye kubwa iliyo mbali nyuma, kamera ikiziona pamoja unaapa wako meza moja. Ndio maana mpaka leo haijachuja. Linganisha na The Polar Express ya 2004, ile walimvalisha Tom Hanks vinasa mwendo akacheza watu kadhaa peke yake, teknolojia ya maana kwa wakati ule, lakini macho ya wale watoto aisee. Macho hayana mtu ndani.

Mleta uzi umenifurahisha kwa sababu hicho kipimo chako ni cha zamani kuliko sinema yenyewe. A Christmas Carol ya Charles Dickens imetoka Desemba 1843, na ndani yake kuna kipande watu wengi wanakipita haraka. Mzimu wa kwanza unampeleka Scrooge, yule mzee bahili, kwenye shule aliyosoma, wanafunzi wote wamerudi kwao sikukuu, amebaki mtoto mmoja darasani peke yake na kitabu. Yule mtoto ni Scrooge mwenyewe. Huyo ndio Kevin wa 1843, tofauti ni kwamba huyu mama yake hakuja na gari ya bendi.

Ukitaka kuiona vizuri angalia The Muppet Christmas Carol ya 1992. Najua ni vikaragosi. Lakini Michael Caine anacheza Scrooge kama yuko jukwaani na waigizaji wakubwa wa Uingereza, hakonyezi hata mara moja, anaongea na chura wa kitambaa kwa uso ule ule angeongea na mtu anayemdai. Vikaragosi vinachekesha kwa sababu yeye hacheki.

Rimoti_Kwangu:

Mkuu umetisha. Hiyo ya darasani sikuwahi kuiunganisha kabisa.

Sikuelewi:

Naona mmeikwepa Die Hard.

Dada_Mkorofi:

Imekwepwa kwa sababu sio muvi ya Krismasi, ni muvi ya kupigana imevaa kofia ya Santa. Bruce Willis, steringi mwenyewe, 2018 alisimama mbele ya watu akasema sio. Na ilitolewa Julai 1988, muvi gani ya Krismasi inatoka Julai?

Sikuelewi:

Miracle on 34th Street ya 1947 imetoka katikati ya mwaka, na ile ina Santa anashtakiwa mahakamani, na mzee Edmund Gwenn akabeba Oscar kwa kucheza huyo huyo Santa. Kwa hiyo hiyo ya tarehe ifute. Nyingine?

Dada_Mkorofi:

😂😂 haya kaka, nyingine natafuta.

Sikuelewi:

Wakati unatafuta mimi natumia kipimo cha mleta uzi. Kwanza Krismasi ndio inafanya wale majambazi waingie, jengo zima tupu usiku wa mkesha, waliobaki ni watu wa sherehe ghorofa moja tu wamelewa. Toa Krismasi uone kama mpango wao unakaa. Pili, aliyeachwa nje ni nani? Angalia McClane, yule steringi, anavyoingia pale mapokezi kabla hata risasi moja haijalia. Kuna ile skrini ya kutafuta majina ya wafanyakazi. Anatafuta mke wake kwa jina la McClane, hayupo. Anavuta pumzi, anatafuta kwa jina la kwa baba yake, yupo. Jamaa amepanda ndege mkesha wa Krismasi kuja kupatana na mke halafu kinachomwambia ndoa iko wapi ni kioo cha mapokezi. Halafu baada ya hapo anabaki peku usiku kucha, kila mtu kwenye jengo ana viatu isipokuwa steringi. Sasa niambie huyo hajaachwa nje.

Rimoti_Kwangu:

Dah. Mimi nilikuja hapa nikiwa upande wa Dada Mkorofi kabisa, lakini hiyo ya skrini ya mapokezi imeniumbua. Die Hard inaingia. Nimeshindwa kwa kipimo changu mwenyewe.

Dada_Mkorofi:

Traitor. Yaani msaliti.

Haya tuachane na mabomu, mimi wangu ni Alan Rickman, yule aliyecheza Hans Gruber, mkuu wa majambazi wa Die Hard. Mnajua Die Hard ndio ilikuwa muvi yake ya kwanza ya sinema? Na ule uso anaoufanya akiachiwa adondoke pale mwisho ni mshtuko wa kweli kwa sababu walimwachia kabla ya hesabu waliyokubaliana kufika. Sasa miaka 15 baadaye akaja kwenye Love Actually, 2003, safari hii hana bunduki lakini kwa maoni yangu ni jambazi kuliko Hans Gruber. Anamnunulia msichana wa ofisini mkufu kwa siri, na Rowan Atkinson ndio muuzaji, anaufunga ule mkufu taratiiiibu, karatasi, maua makavu, utepe, jasho linamtoka Rickman maana mke yuko humo humo dukani.

Mke, Emma Thompson, alishaukuta mkufu kwenye mfuko wa koti, akajua ni wake. Siku ya zawadi anafungua kiboksi anakuta sidii ya muziki. Hasemi kitu. Anaomba dakika moja, anaingia chumbani, mlango ukifungwa analia amesimama, anafuta macho kwa mikono, halafu, hiki ndio kinaniua mimi, ananyoosha shuka la kitanda. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri tu. Ananyoosha, anatoka, anawaambia watoto twendeni kwa sauti ya furaha. Mleta uzi aliyeachwa nje huyo hapo, na yuko ndani ya nyumba yake.

Hadithi nyingine humo ndani hata sizijali, ziko kama tisa hivi, na nusu yake ni ujinga mtupu. Jamaa anayesimama mlangoni kwa mke wa rafiki yake na mabango mnamuita wa mahaba, mimi namuita wa polisi.

Mama_Wawili:

Wa polisi 🤣🤣🤣 sina mbavu.

Mpini:

Zile muvi za mwanadada wa mjini anarudi kijijini sikukuu anakutana na kaka wa shati la drafti mbona hamzitaji?

Dada_Mkorofi:

Naziangalia zote na sioni aibu. Ana mchumba mjini anaongea na simu muda wote, huyo ataachwa. Kaka wa drafti ni mjane au ana mtoto mmoja mwenye maswali mengi. Kuna biashara ya familia inataka kufungwa. Watakaribia kubusiana mara ya kwanza mtu atawakatiza. Zikibaki kama dakika 20 watagombana kwa kitu ambacho swali moja tu lingekimaliza. Mwisho theluji inaanguka. Nikiwa nakunja nguo ndio muvi zangu, hazihitaji macho.

Katuni_Tu:

Wakuu mnawasahau wa katuni. The Nightmare Before Christmas ya Tim Burton, 1993, hiyo mimi naangalia kuanzia Oktoba mpaka Januari.

Fundi_Kideo:

Stori ni ya Burton lakini aliyeiongoza ni Henry Selick, huyu jamaa kila mwaka anaibiwa sifa. Na kazi aliyoifanya sio ndogo, ile ni midoli inasogezwa kidogo inapigwa picha, inasogezwa kidogo inapigwa picha, picha 24 kwa sekunde moja. Dakika moja ya muvi iliwachukua karibu wiki nzima. Halafu watu wanasema ya Burton.

Katuni_Tu:

Nimekoma mkuu, ya Selick. Kwa kipimo cha uzi Jack anapita vizuri, mfalme wa vitisho amesimama kwenye theluji anachungulia madirishani kwa watu wenye furaha asiyoijua jina lake.

Ila niliyotaka kuwapa hasa ni mbili. Moja ni Klaus ya 2019, ya Sergio Pablos, imechorwa kwa mkono halafu wakaipaka mwanga mpaka unadhani ni ya kompyuta. Kijana tajiri mvivu anapelekwa na baba yake kuwa mtu wa posta kwenye kisiwa cha baridi ambapo koo mbili zinachukiana kiasi kwamba hakuna anayemwandikia mwenzake barua. Na huko porini kuna mzee fundi mbao ana nyumba imejaa vinyago vya watoto, na hana mtoto hata mmoja. Siwaambii kwa nini. Muvi haikwambii mapema na mimi sitawaambia.

Ya pili ni Tokyo Godfathers ya Satoshi Kon, 2003, Kijapani. Watu watatu wanaolala nje, mlevi mmoja, mmoja aliyezaliwa mwanaume anaishi kama mwanamke, na binti aliyekimbia kwao, usiku wa Krismasi wanakuta kichanga kwenye takataka na wanaanza kumtafuta mama yake Tokyo nzima. Mleta uzi wewe unataka aliyeachwa nje mmoja, humo wako wanne. Sio ya watoto wadogo lakini.

Mama_Wawili:

Asante kwa hiyo ya watoto, na mimi nitoe tahadhari kwa wazazi. Gremlins ya 1984 msiiwashe mkiwa na watoto wanaomwamini Santa. Sio kwa sababu ya yale madude, madude watayapenda. Kuna mahali yule dada anasimulia kwa nini anachukia Krismasi, ni habari ya baba yake na bomba la moshi, na mwisho wa hiyo habari anasema sentensi moja ambayo wangu mkubwa aligeuka akaniangalia mimi. Mnajua jicho la mtoto anayekuangalia kama umemuibia? Nililala vibaya.

Na The Grinch ile ya Jim Carrey ya 2000 wangu wa pili alilia kwa uso ule wa kijani, jipangeni.

Fundi_Kideo:

Carrey mwenyewe karibu alie. Alikuwa anapakwa masaa na masaa kila siku mpaka akataka kuacha kazi, wakamletea mtu anayefundisha majasusi kuvumilia mateso. Ile sura ikapata Oscar ya mekapu, kwa hiyo mwanao alitishwa na kitu chenye kiwango.

Zamu_ya_Usiku:

Nimesoma uzi wote toka juu. Mimi ni mlinzi, hii ni Krismasi ya nne nitakuwa zamu, usiku. Nataka niseme kitu kidogo kwa mleta uzi.

Mtu aliyeachwa nje hataki kuonyeshwa mtu aliyeachwa nje. Hiyo mnaipenda nyie mlioko ndani. Mimi nikiwa pale na simu nimeiegemeza kwenye tochi, kila baada ya saa natoka kuzunguka jengo, sitaki mama analia chumbani. Home Alone naipenda pia lakini sio kwa hizo sababu zako. Naipenda kwa sababu Kevin siku za mwanzo ANAFURAHI. Anaruka kitandani kwa wazazi, anaangalia muvi alizokatazwa, anaenda kununua vitu vya nyumba mwenyewe na pochi kama mzee, anarudi mifuko inapasuka njiani vitu vinamwagika, anasimama tu pale na mabaki ya mifuko mikononi. Hakuna wa kumgombeza. Hakuna wa kumsaidia pia, lakini anasimama kama mtu mwenye nyumba. Mimi hicho kipande nakirudisha nyuma kila mara. Ni muvi pekee ya Krismasi inayosema mtu unaweza kukaa peke yako na ukawa na shughuli zako.

Mpini:

🙌

Rimoti_Kwangu:

Zamu ya Usiku, nimekusoma mara mbili. Kweli mimi nimeandika ule uzi nikiwa kwenye kochi, miguu juu, nyumba imejaa watu, na sikufikiria hilo. Kipimo sikifuti lakini umekipasua katikati. Ile mifuko nilikuwa naichukulia kama kichekesho tu.

Sikuelewi:

Zamu mkuu, Die Hard pia ni jamaa yuko peke yake usiku kwenye jengo na ana shughuli zake. Nasema tu.

Zamu_ya_Usiku:

Hahaha kaka hiyo ndio kabisa siangalii nikiwa kazini. Kila nikisikia lifti nitaruka.

Naomba kuuliza, ile muvi ya zamani nyeusi na nyeupe ya gangsta ambayo Kevin anaiweka kuwatishia watu mlangoni inaitwaje? Nimeitafuta sana.

Fundi_Kideo:

Haipo mkuu. Waliitengeneza wenyewe kwa ajili ya Home Alone tu, hicho kipande unachokiona ndio muvi nzima. Tumeitafuta wengi, usijisikie vibaya.

Zamu_ya_Usiku:

Miaka yote hiyo!!

Fundi_Kideo:

Lakini kama unataka nyeusi na nyeupe ya kweli kuna It's a Wonderful Life ya 1946, ya Frank Capra, na nashangaa uzi umefika hapa bila kutajwa. Ilipotoka haikurudisha hela. Ikasahaulika. 1974 waliokuwa wanaimiliki hawakuhuisha hakimiliki, vituo vya televisheni vikagundua kuna muvi ya Krismasi unairusha bila kulipa kitu, wakaanza kuirusha kila Desemba, kituo hiki na kile, mpaka watu wakaizoea, mpaka wakaipenda, na leo ndio inaitwa mama wa muvi zote za Krismasi. Imepona kwa sababu kuna mtu alisahau makaratasi. Yaani yenyewe ni Kevin.

Na ile theluji yake. Kabla ya hapo studio zilikuwa zinatumia konfleksi zilizopakwa rangi nyeupe, waigizaji wakikanyaga zinalia kama unavunja biskuti mpaka sauti inarekodiwa upya. Capra hakutaka hiyo, wakachanganya povu la kuzimia moto na sabuni na maji, wakapuliza. Haina kelele, inang'ang'ania mpaka kwenye nguo. Wakapewa tuzo ya ufundi na wale wale wa Oscar. Na walipiga wakati wa joto, angalia vizuri steringi James Stewart pale darajani, theluji imejaa na jasho linamtoka.

Dada_Mkorofi:

Nilijaribu nikalala. Malaika mwenyewe wa kumwokoa steringi anafika muvi ikielekea mwisho.

Fundi_Kideo:

Ndio maana ni nzuri dada. Ungekutana na malaika dakika ya kumi ingekuwa moja ya zile zako za shati la drafti.

Dada_Mkorofi:

Niheshimu 😒

Rimoti_Kwangu:

Nami sijawahi kuimaliza. Kesho naiweka, nina wapwa watatu hapa, tutaona nani analala wa kwanza.

Rimoti_Kwangu (baada ya siku mbili):

Nimerudi na mrejesho. Dakika ya tano wa kati akauliza rangi imeenda wapi. Wa mwisho alilala kweli. Mkubwa, ana miaka kumi na moja, alikuwa na simu mkononi mpaka yule jamaa George alipoanza kuachwa, kila akitaka kuondoka kwenye kile kimji kuna kitu kinamrudisha, baba anakufa, mdogo wake anaoa, benki inataka kuanguka, wenzake wote wanaenda dunia yeye anabaki. Simu ikawekwa chini. Mimi nikafikiria kipimo changu nikaona hapa kimegeuzwa, huyu hajaachwa nje, huyu ameachwa ndani.

Kitu nilichokishika mimi ni kirungu cha ngazi. Pale nyumbani kwake kuna kirungu cha mbao mwisho wa mkono wa ngazi, kibovu, akikishika kinachomoka. Siku hela zimepotea anapanda ngazi kinabaki mkononi, unaona kabisa anataka kukirusha, ndio nyumba yenyewe, ndio maisha yenyewe, hata ngazi haishiki. Baadaye baada ya yote yale anaingia mbio nyumbani, anapanda, kinachomoka tena. Anakibusu. Sikutegemea. Mpwa wangu akacheka, mimi nikaenda kufunga dirisha, na dirisha lilikuwa limefungwa.

Sasa muvi imeisha watu wanaimba, mtoto ananigeukia ananiuliza, na yule mzee tajiri aliyezikuta zile dola 8,000 kwenye gazeti akanyamaza, amekamatwa lini? Nikamwambia hakamatwi. Akasema tusogeze mbele labda iko baada ya majina. Tumesogeza. Haipo.

Fundi_Kideo:

Haipo mkuu. Watu wameilalamikia hiyo miaka yote, Capra hakumkamata.

Mama_Wawili:

Mwanangu angekataa kulala mpaka akamatwe.

Dada_Mkorofi:

Haya nitairudia. Lakini asubuhi, sio usiku.

Zamu_ya_Usiku:

Wakuu niko kazini. Nimeianza saa nne, naiangalia kwa vipande. Nimefika pale anko wake George anatafuta hela mifukoni hazioni, anarudi nyuma njia nzima anaangalia chini kwenye theluji. Saa yangu ya kuzunguka imefika, naenda nikirudi naendelea. Mleta uzi umeshaniharibia kirungu, hayo mengine mtu asiniambie.